Kura ni Ushahidi

Tunalijibu neno linalosemwa sana hapa Majengo: "Rais anajulikana kabla hatujapiga kura, twende kufanya nini?"

Neno hili lina asili. Tangu 1965 hadi 1990 mgombea wa urais alikuwa mmoja, tukiulizwa Ndiyo au Hapana. Hata leo Katiba, katika ibara ya 41, haiipi mahakama yoyote ruhusa ya kuchunguza kuchaguliwa kwake Rais akishatangazwa. Mwenye shaka, basi, hatumwiti mvivu.

Lakini mwaka huo huo wa 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa kwa kura. Na Moshi Mjini, kuanzia 1995 hadi 2015, ilichagua mbunge wa upinzani mara tano mfululizo. Nani waliofanya hayo, kama si sisi na jirani zetu?

Kura ni ushahidi, na Qur'ani imetukataza kuuficha. Ila ushahidi una mpokeaji. Enyi vijana mtakaokaa vituoni kuhesabu, mzigo wenu umezidi wa mpiga kura: mkiandika hesabu isiyotoka sandukuni, mmemshuhudishia jirani yenu jambo asilolisema.