Watoto Wetu Walivyokulia Leicester: Hotuba ya Mwenyekiti



Hesabu atasoma mweka hazina. Sisi tunakumbuka watoto wetu walivyokulia hapa. Mwaka 2015 walirudi shule wakituambia mfalme Richard wa Tatu, aliyefukuliwa chini ya maegesho ya magari, anazikwa upya. Tukadhani masihara! Mei 2016 timu ya mji ikachukua ubingwa, tukapika pilau hata tusiojua mpira.

Lakini lisilotutoka ni hili. Mwenzetu alikwenda kwa daktari, mkalimani wake binti yake wa miaka tisa. Mtoto akasikiliza, akanyamaza, kisha akasema, "Mama, utapona." Daktari hakusema hivyo.

Pesa za kwanza za kikundi tulimlipa mwalimu wa Kiingereza. Wanafunzi ni sisi, akina mama.