Mzee Akivunjika Nyonga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Buyenzi, Bujumbura)





Napenda kusema machache juu ya maradhi yanayotuondolea wazee, nasi tukidhani ni uzee tu.

Marehemu baba yangu alianguka usiku alipokwenda kutia udhu. Hakuweza kusimama, na mguu mmoja ukaonekana mfupi kuliko wa pili. Tulimlaza, tukamwita muunga mifupa, tukamkanda kwa mafuta. Hakuinuka tena, mwezi wa pili tukamzika. Tulisema siku zake zimetimia, na kweli zilitimia. Lakini wajibu wetu kwake hatukuutimiza.

Yafaa tufahamu kwamba mifupa hupungua nguvu kadiri umri unavyozidi, khasa kwa wanawake waliokoma hedhi. Maradhi haya hayaumi wala hayaonekani, mpaka siku mtu ajikwae kidogo na nyonga ivunjike. Na mara nyingi kinachoua si mfupa wenyewe, bali ni kule kulala: homa ya mapafu huingia, damu huganda miguuni, mgongo hufanya vidonda, na moyo uliochoka hushindwa. Katika nchi nyingi zilizoweka hesabu, kila wazee 100 waliovunjika nyonga, 20 hadi 30 hufariki kabla ya mwaka kwisha. Miezi ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, na hatari hiyo haiishi kabisa hata baada ya miaka mingi. Wanaovunjika wengi ni wanawake, illa wanaume wakivunjika hufa kwa wingi zaidi.

Je, tukate tamaa? La. Mwaka 2007 Waingereza walianzisha daftari la taifa, hospitali zikaandika kila mgonjwa wa nyonga na mwisho wake. Wakahimizana kumpasua mgonjwa siku ile ile au ya pili yake, daktari wa wazee awe pamoja na mpasuaji, na mgonjwa asimamishwe mapema. Katika hospitali zilizoshiriki huko Uingereza, waliokufa ndani ya siku 30 walikuwa karibu 11 katika kila 100 mwaka 2007. Kufikia mwaka 2011 walikuwa chini ya 9, na baadaye wakazidi kupungua. Haikuwa dawa ya ajabu, bali ni kutokawia.

Basi ndugu zangu, nawaombeni mambo mawili. Nyumbani, wekeni taa njiani usiku, na mahali pa udhu pasiwe na utelezi. Na mzee akianguka asiweze kusimama, msimkande. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.

Mheshimiwa Mwenyekiti, mfuko wetu hutoa sanda na gari la jeneza bila kuchelewa hata saa moja. Naomba utoe vile vile gari la mgonjwa.