Kibali cha Kuondoa Taka Zetu Wenyewe

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakaazi, waumini na wanaharakati



Tumeombwa tuzungumzie takataka. Wapo watakaouliza kwa nini jukwaa lililozoea kunena juu ya Katiba na uchaguzi lishuke leo hadi kwenye maganda ya ndizi na majivu ya jiko. Jawabu letu ni fupi. Mwananchi hukutana na serikali yake mara moja tu kwa miaka mitano kwenye sanduku la kura, lakini hukutana nayo kila mwezi mbele ya dirisha la ofisi, karatasi mkononi, akiomba kibali. Hapo dirishani ndipo anapojua kama mageuzi yamemfikia au yalimpita akiwa katika foleni.

Habari yenyewe ni hii. Baada ya mitaro ya mtaa wetu kuzibwa na taka, kamati ya wakaazi pamoja na makanisa ya jirani tulichanga fedha ili tukodi skipu, yaani lile sanduku kubwa la chuma liletwalo na lori, likaachwa mahali kwa siku kadhaa, na likijaa likafungwa minyororo na kunyanyuliwa. Hesabu ilikuwa rahisi. Mikokoteni ingehitaji safari nyingi mno hadi jaani na kila safari ina malipo yake, ilhali skipu mbili zingeimaliza kazi mwisho wa juma mmoja. Fedha tulikuwa nazo. Vijana wa kuzibua mitaro walikuwa tayari na sepetu zao. Kampuni ya lori ilikuwa na leseni. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuliweka sanduku lile kando ya barabara, kwa maana ploti zetu, kama mzijuavyo, hazina ua. Mlango wa mpangaji unafungukia njiani.

Basi tukaanza safari. Afisa wa mazingira alitaka barua ya chifu. Chifu alitaka barua ya kamati yenye muhuri. Muhuri tukauchongesha. Tuliporudi tukaambiwa kwamba kando ya barabara si mali ya mazingira, bali ni ya idara ya barabara. Idara ya barabara nayo ikauliza kama njia ile ni ya kaunti au ni ya serikali kuu, na katika ofisi nzima hapakuwa na mtu mwenye ramani. Karani wa dirisha jingine alidai leseni ya lori. Tulipompa nakala alitaka ile ya asili, ambayo kampuni haikuweza kuiacha ofisini kwa kuwa lori lilikuwa kazini likiihitaji. Kuhusu ada, dirisha la kwanza lilitutajia kiasi fulani, dirisha la pili likatutajia mara mbili yake, na katika la tatu tukaambiwa kwamba jambo hilo "linaweza kuzungumzwa". Ninyi nyote mnajua maana ya kitenzi hicho kinapotoka kinywani mwa karani.

Hatukuzungumza. Tulirudi mara saba. Mvua ikanyesha tena kabla ya karatasi kukamilika, maji ya mtaro yakaingia katika nyumba za safu ya chini, na mama mmoja muuza mboga akapoteza magunia mawili ya viazi ambayo ndiyo yaliyokuwa karo ya mwanawe. Usiku wa juma lilo hilo, lori lisilo na taa za nyuma lilimwaga shehena nzima ukingoni mwa mto. Hilo halikuomba kibali kwa mtu yeyote.

Tunaomba tueleweke vyema, maana wapo wanaodhani kwamba mpenda mageuzi ni adui wa kila sheria. Kibali kina sababu yake. Sanduku la chuma likiachwa gizani barabarani huua mwendesha baiskeli. Lori lisilosajiliwa huzigeuza taka za jikoni na za zahanati kuwa rundo moja na kuzitupa palipo karibu. Ndiyo sababu Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, pamoja na kanuni za taka, zinamtaka kila msafirishaji wa taka awe na leseni, na shehena ipelekwe katika jaa lililoidhinishwa. Hayo tunayaunga mkono kwa moyo wote. Tumeyaona matokeo ya kutoyatii. Jaa la Dandora, jijini Nairobi, lilifunguliwa mwaka 1975, na mwaka 2001 likatangazwa kuwa limejaa, lakini malori yakaendelea kumimina humo mwaka baada ya mwaka. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambalo makao yake yako Gigiri katika jiji lilo hilo, uliwapima watoto 328 wa eneo hilo, na karibu nusu yao wakakutwa na madini ya risasi katika damu kupita kiwango kinachokubaliwa kimataifa. Nani atasimama hapa aseme taka zisiwe na sheria?

Swali letu ni jingine: nani abebe mzigo wa sheria hiyo? Leseni ya lori tayari inaeleza nani anabeba taka. Jaa tayari linajulikana. Mama wa ploti anayetaka sanduku likae mlangoni pake kuanzia Ijumaa hadi Jumapili anaombewa nini zaidi, ikiwa si saini ya mtu anayetaka kuonekana kuwa mtu?

Hapa ndipo tunapowakumbusha wazee wa harakati jambo walilolilipia kwa migongo yao. Kabla ya mwaka 1997, chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma, watu hawakuweza kukutana hadharani pasipo leseni ya afisa wa serikali, na afisa huyo hakulazimika kuharakisha. Mkutano wa Kamukunji uliopangwa kufanyika tarehe 7 Julai 1990 ulinyimwa leseni, na tunajua yaliyofuata. Miaka saba baadaye, tarehe iyo hiyo, askari waliingia hata ndani ya Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi na kuwapiga watu waliokimbilia humo. Marekebisho ya mwishoni mwa mwaka 1997 yalibadili neno moja tu, lakini neno hilo lilikuwa na uzito: badala ya kuomba leseni, mwenye mkutano sasa hutoa taarifa kwa polisi, si chini ya siku 3 wala zaidi ya siku 14 kabla ya siku yenyewe. Mwenye kuomba hungoja hadi aitwe. Mwenye kutoa taarifa huendelea na maandalizi yake, na ni juu ya afisa kumweleza kwa nini asiendelee.

Ikiwa taarifa inatosha kwa umati wa watu elfu kumi wenye mabango, haitoshi kwa sanduku moja la taka?

Tunapendekeza hivyo hasa. Kampuni iendelee kupewa leseni na kukaguliwa kwa ukali. Mkaazi au kamati inayokodi skipu kwa siku chache itoe taarifa katika ofisi moja tu: siku ya kuletwa na siku ya kuondolewa, mahali litakapokaa, nambari ya leseni ya lori, na jina la jaa. Ofisi hiyo ndiyo iwaulize wenzao wa barabara, kwa maana wote wanalipwa na kodi ileile na wengine wanakaa ghorofa moja. Hata Uingereza, ambako ukodishaji wa skipu ni biashara ya kila siku, sanduku likikaa ndani ya ua wa mwenye nyumba halihitaji kibali cha barabara. Likiwekwa barabarani, Sheria ya Barabara ya mwaka 1980 inadai ruhusa ya wenye mamlaka ya barabara, taa usiku, na jina la mwenye sanduku liandikwe juu yake. Taa na jina ni masharti yenye akili, nasi tungeyachukua leo. Mzunguko wa madirisha haumo katika masharti hayo.

Tumeambiwa kwamba taarifa zitatumiwa vibaya na wajanja. Huenda. Lakini mjanja wa leo haombi chochote, na afisa hana hata karatasi ya kumfuatilia. Taarifa ingempa karatasi hiyo. Tukiongeza kwamba vibali vigumu ndivyo vinavyolisha mkono unaopokea chini ya meza, hatutakuwa tumemsingizia mtu aliyewahi kukaa kwenye benchi zile.

Wala hatuhitaji kungoja sheria mpya ndipo tuanze. Katiba ya mwaka 2010, katika Kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi. Jedwali la Nne limeikabidhi kaunti kazi ya kuondoa taka na kusimamia majaa. Kifungu cha 210 kinakataza ada yoyote ya leseni isiyotokana na sheria iliyopitishwa. Kwa hiyo dirisha linalotaja kiasi lisichoweza kukionyesha katika maandishi halina haki ya kukipokea. Kifungu cha 47 kinataka uamuzi wa haraka na wa haki, pamoja na sababu za maandishi kwa yeyote aliyeathiriwa, na Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya mwaka 2015 inasema kwamba afisa akikataa kutoa sababu, hatua yake itachukuliwa kuwa haikuwa na sababu njema. Tumeona makarani wakibadilika sura kwa kusikia tu nambari ya kifungu. Ni kisomo kidogo, lakini kifundisheni katika vikundi vyenu vya akina mama na vya vijana, maana anayekijua harudishwi kwa urahisi.

Hatua ya kwanza tumekwisha kuiandika. Ni barua inayoomba, chini ya Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016, orodha kamili ya ada za taka na barabara katika mji wetu, sheria iliyoweka kila ada, na jina la cheo cha afisa mwenye uwezo wa kutoa kibali. Nakala ziko mezani kwa katibu, karibu na mlango. Tutaipeleka Jumatatu saa tatu asubuhi, na tungependa kila ploti itoe mtu mmoja. Mje na vitambulisho. Yeyote atakayesimama mbele ahakikishe kwamba karani anatia muhuri wenye tarehe katika nakala yetu, maana sheria imewapa siku 21 za kujibu, nazo zinahesabiwa kuanzia siku waliyoipokea.