Kofia Juu ya Bomba

Leo twawaeleza habari ya samaki na mitambo ya umeme. Mitambo ya mvuke yahitaji maji mengi ya kuipoza. Huko El Segundo, California, Marekani, maji hayo yalifyonzwa baharini kwa bomba ambalo mdomo wake ulielekea juu. Maji yakashuka wima. Na samaki hautambui vema mkondo ushukao, basi wengi wakavutwa ndani. Katika miaka ya 1950 mafundi waliweka kofia ya zege juu ya mdomo, wakaacha nafasi kandokando. Sasa maji yakaingia kwa ubavuni, na mkondo wa namna hiyo samaki huuhisi, akageuka upesi akaenda zake. Kofia tu! Lakini mayai na vifaranga vya samaki, visivyoweza kushindana na mkondo, kofia haiviokoi.