Ganzi Itoke Chumba cha Upasuaji

Msikilizaji, aliyevunjika paja hana namna ya kulala akapata nafuu. Kijana kaanguka na bodaboda, kafikishwa hospitali. Anahamishwa kutoka kwenye machela kwenda kitanda cha eksirei, na kila akiguswa analia kwa sauti hadi ndugu zake walioko nje wanainama. Upasuaji unaweza kumsubirisha siku kadhaa, na siku hizo mara nyingi anapitisha kwa vidonge.

Hili linaniuma, kwa sababu dawa tunayo. Mama anayejifungua kwa upasuaji huchomwa sindano ya mgongo, dawa ya ganzi iitwayo bupivakeini kama mililita 2 hivi, miguu ikafa ganzi naye yu macho, anamsikia mwanawe akilia. Daktari August Bier alianza kuchoma sindano hiyo kule Kiel, Ujerumani, mwaka 1898, kwa kokeini.

Ganzi hiyo inaweza pia kuwekwa kando ya neva ya paja, na hapo ultrasaundi ndiyo imeleta mageuzi. Zamani mtaalamu wa usingizi aliitafuta neva kwa kupapasa. Leo anaiona kwenye kioo: mshipa mkubwa wa damu unadunda kinenani, neva iko ubavuni mwake, ncha ya sindano inasogea polepole, kisha dawa inatandaa kuizunguka. Maumivu ya paja yanapungua kwa saa kadhaa, na kijana anageuzwa bila kupiga kelele. Kazi hiyo inafaa kufanyika mapokezi, kabla hata ya eksirei.

Najua mtauliza: nani ataifanya? Shirikisho la dunia la madaktari wa usingizi linataka angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000, na sisi tuko mbali sana na hapo. Wilayani usingizi unatolewa zaidi na wauguzi na matabibu waliosomea kazi hiyo. Hao ndio wafundishwe, na wafundishwe vizuri, kwani bupivakeini nyingi ikiingia kwenye damu inaweza kusimamisha moyo. Dawa ya kuokoa, yale mafuta meupe ya asilimia 20 yanayopitishwa kwenye mshipa, iwe karibu kabla sindano haijashikwa.

Hospitali nyingi za wilaya zina ultrasaundi ya kuangalia mimba. Lakini probu yake ya mviringo, kile kifaa kinachopitishwa juu ya ngozi, ni ya kutazama ndani ya tumbo. Neva ya kinenani iko juu juu, inataka probu bapa. Waganga wakuu wa wilaya, mnapoandaa bajeti ijayo, iwekeni probu hiyo pamoja na nauli na ada ya mtu mmoja wa kwenda kujifunza kuitumia.