Mtunga Programu Naye Afundishwe Anwani Mpya



Mafundi chuma wa Ufipa waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu marefu kuliko mtu, na kijana alijifunza kazi hiyo kwa kusimama kando ya fundi siku hadi siku. Majembe ya kiwandani yalipoenea, malungu yalizimika na ujuzi ukafa pamoja na wazee. Jembe lilipatikana, lakini ajuaye kulifua akawa mbali. Hapa Katandala jambo hilo lafaa kukumbukwa, maana kwa upande wa kompyuta hatari ni ile ile.

Kila simu au kompyuta inayotumia intaneti huhitaji anwani. Itifaki ya toleo la 4 ina nafasi ya anwani zipatazo bilioni 4.3 tu, na akiba kuu ya dunia ilimalizika kugawiwa tarehe 3 Februari 2011. AFRINIC, shirika lenye makao Mauritius ambalo huigawia Afrika anwani, liliingia katika awamu ya mwisho ya mgao Januari 2020: mwombaji hapewi zaidi ya anwani 1,024 kwa mara moja. Kampuni za simu hukabili uhaba huo kwa kuwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Mmoja wao akifanya ukorofi, na tovuti ikaifungia anwani ile, mwalimu asiye na kosa naye hufungiwa nje. Toleo la 6 hutumia biti 128 badala ya 32, na uhaba wa namna hiyo haumo.

Wengi hudhani kwamba kazi iliyobaki ni kununua vifaa. Sivyo. Vifaa vingi vinavyouzwa leo vinalifahamu toleo la 6. Kikwazo kimejificha ndani ya programu. Mtunzi alitenga nafasi ya alama 15 kwa ajili ya anwani, kwa kuwa 255.255.255.255 haizidi hapo. Anwani mpya yaweza kufika alama 39. Mwingine hutenganisha anwani na namba ya mlango kwa kutafuta nukta mbili ya kwanza, kumbe anwani mpya yenyewe imejaa nukta mbili, kama 2001:db8::1. Yuko pia aliyetumia njia ya zamani ya kuuliza anwani kwa jina, ambayo hurudisha za toleo la 4 pekee. Makosa hayo hayapigi kelele. Daftari la mfumo huandika nusu ya anwani, na siku mkaguzi anapotaka kujua nani aliingia katika hesabu za ofisi, hapati jibu.

Tanzania imekwisha kuonja gharama ya mashine isiyokuwa na wenyewe. Kompyuta ya kwanza ya Serikali ilifungwa Hazina mwaka 1965, wakati wataalamu wazalendo walikuwa wachache mno. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Uamuzi huo umelaumiwa sana, pengine kupita kiasi. Chanzo chake hakisemwi mara nyingi.

AFRINIC imeendesha mafunzo ya toleo la 6 katika nchi nyingi za Afrika, na wahandisi wa mitandao wamefaidika. Mtunga programu husahauliwa. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ingeweza kudai kwamba mfumo wowote mpya wa umma ujaribiwe kwa toleo la 6 kabla ya kupokelewa. Vyuo navyo visingoje mitaala mipya. Somo lenyewe halihitaji fedha nyingi: chumba kimoja, kompyuta chache, na mkufunzi anayezima toleo la 4 asubuhi. Kila mwanafunzi aendeshe programu aliyoitunga mwenyewe, aone inakwama wapi, airekebishe kabla ya jioni. Kesho yake toleo la 4 lirudishwe, yafanye kazi yote mawili pamoja, kwa sababu ndivyo mitandao itakavyokuwa kwa miaka mingi, Sumbawanga na kwingineko.