Sheria Imkumbuke Mama na Mkunga Wake

Hotuba ya mwalimu katika maadhimisho ya Siku ya Wakunga Duniani, tarehe 5 Mei



Nimeombwa niseme machache kwa niaba ya walimu. Huenda mnajiuliza, mwalimu na uzazi wapi na wapi? Jibu nimelipata darasani. Mwaka jana msichana wa darasa la sita aliacha kuja shule. Nilipokwenda kwao nilimkuta amembeba kichanga mgongoni. Mama yake alijifungua usiku nyumbani, akatokwa na damu nyingi, na alipofikishwa zahanati alikuwa amekwisha kata roho.

Damu ya namna hiyo haingoji kupambazuke. Huweza kuua kwa saa chache tu. Dawa ya kuizuia ipo, ni sindano ya oksitosini. Lakini dawa hiyo hutaka kutunzwa katika ubaridi, tena hutaka mkono wa mkunga aliyesoma.

Sisi tuliotoka Burundi tunaukumbuka mwaka 2006. Kabla yake, wako akina mama waliojifungua kwa upasuaji wakazuiliwa hospitalini kwa kushindwa kulipa. Tarehe 1 Mei 2006 ikatangazwa kwamba kujifungua, na matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano, ni bure. Akina mama wakamiminika hospitalini. Lakini wakunga walikuwa wale wale wachache, na dawa zikapungua. Tangu hapo nimejifunza kwamba kufuta malipo ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni mkunga na vifaa vyake.

Ndugu zangu, hapa Tanzania sheria zipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84, na siku 100 akizaa mapacha. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inataka mkunga asajiliwe na awe na leseni. Ni haki kabisa, maana uhai wa mtu si kitu cha kujaribia. Tena Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, ambayo Tanzania iliiridhia mwaka 2007, inazitaka serikali ziimarishe huduma kwa mama kabla ya kujifungua, wakati wa kujifungua na baadaye. Ibara ya 11 inawataja wanawake wakimbizi waziwazi.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Kwanza, wakunga waliosoma kwetu wapatiwe njia ya kukaguliwa vyeti, kupimwa, kupewa mafunzo ya kujazia na kusajiliwa. Hatuombi wapite bila mtihani. Tunaomba mtihani uwepo.

Pili, mkunga mkimbizi anayefanya kazi kwa posho, naye ni mama. Akizaa, mapumziko yake na posho yake viwe vimeandikwa, asitegemee huruma ya msimamizi.

Tatu, Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inataka kibali cha kutoka kambini. Iandikwe wazi kwamba mama mwenye uchungu anayepelekwa hospitali ya nje atangulie, karatasi zifuate.

Nne, bibi zetu wakunga wa jadi wasidharauliwe. Wao ndio wanaogongewa mlango kwanza. Wapewe kazi ya kumsindikiza mama hadi zahanati, na kazi hiyo itambuliwe.

Nasi akina baba tusisubiri sheria peke yake. Mke akifika mwezi wa saba, tuwe tumekwisha panga nani atambeba, kwa njia ipi, na nani atabaki na watoto. Damu ikianza kutoka si wakati wa kuitisha kikao cha ukoo.

Yule binti amerudi shule, baada ya shangazi yake kukubali kumlea mtoto. Amepoteza miezi mitano, naye anajitahidi kuwafikia wenzake. Mama yake hatarudi. Basi tusimame dakika moja kumkumbuka yeye na wengine waliokwenda njia hiyo, kisha tuwapigie makofi wakunga wetu.